Etaji Tano mu Avenyu Yetu: Tuulize Kwanza, Tujibu Nyuma

Maneno yaliyosemwa na mumoja wetu mbele ya wakaaji wa avenyu moja ya komine ya Ibanda, muji wa Bukavu. Tunayaweka hapa juu kartie zingine nyingi ziko na swali ileile.



Aksanti kwa shefu wa avenyu aliyekubali tukutane. Aksanti kwa wamama wenye kuacha biashara yao saa hii. Tunajua kila saa ya biashara iko na bei yake. Aksanti pia kwa wale waliofika hapa wamekwisha kukasirika. Mutu mwenye kukasirika juu ya kartie yake ni mutu mwenye kuipenda.

Kilichotuleta munakijua. Kuko parseli moja huku chini ya njia. Mwenyewe anataka kubomoa zile nyumba za mbao zenye ziko ndani na kujenga apartema: etaji tano, familia karibu 20. Tangu habari hiyo itoke, avenyu imegawanyika. Wamoja wanasema ndiyo: muji unakua, vijana watapata kazi, bei ya maparseli yetu itapanda. Wengine wanasema hapana: maji haitoshi, njia ni ndogo, mulima utatelemuka juu yetu. Na kuko watu wa tatu wenye hatujasikia sauti yao: walokatere, wale wenye kupanga mu ile parseli. Wao habari waliisikia kwa robine, sawa vile mutu anasikia habari ya jirani.

Sisi vijana hatukuja na jibu mufukoni. Hatukuja kuambia mutu asaini ao asisaini. Tulikuja na neno moja tu: jibu lenye kutoka mbele ya maswali halina nguvu. "Ndiyo" ya haraka inanunuliwa na soda na shati. "Hapana" ya haraka inavunjwa na bahasha moja yenye kupita usiku. Lakini "tutakubali kama hivi na hivi vimefanyika," iliyoandikwa kwa karatasi, na majina yetu chini, hiyo ni ngumu kuvunja. Basi tuulize kwanza, tujibu nyuma.

Tuanze na wale wanaosema ndiyo, juu wako na ukweli mukubwa.

Huu muji Wabeleji waliupanga kwa watu wachache. Waliuita Costermansville. Walichora njia juu ya zile rasi zenye kuingia mu ziwa, wakajenga villa na bustani, na upande mwingine kambi za wafanyakazi. Leo tuko zaidi ya milioni moja. Vita ilileta watu kutoka vijijini, na mutu aliyekimbia na watoto hakuuliza plani ya muji. Alijenga pale palipokuwa nafasi. Na nafasi ilikuwa wapi? Ku mitelemuko. Ku mabonde ya mito. Funu, ku Kadutu, inakaa juu ya udongo wenye kutembea. Wanasayansi wamepima: ule mulima unatelemuka polepole, mwaka kwa mwaka, na watu wako juu yake wanapika, wanalala, wanazaa.

Sasa mutu akisema "hatutaki etaji hapa," tumuulize kwa heshima: wale watu waende wapi? Tukifunga kila parseli ya muji wa chini, tunawasukuma wengine kule juu kwenye udongo mubaya. Familia 20 zikikaa moja juu ya ingine, zinachukua parseli moja. Familia 20 zikikaa kila moja na kibanda chake, zinamaliza mulima muzima, miti inakatwa, na maji ya mvula yanatelemukia kwetu. Kwa hiyo kujenga kwenda juu si ubaya. Muji wenye ziwa mbele na milima nyuma hauna pengine pa kwenda.

Huo njo ukweli wa wanaosema ndiyo. Lakini ukweli huo uko na tundu, na lazima tulionyeshe. Je, mutu wa Funu atahamia mu ile apartema? Kodi itaombwa kwa dolari, na mbele ya kupewa ufunguo ataombwa garanti. Mwalimu wa shule atalipa? Mama wa sambaza atalipa? Motari atalipa? Tusidanganyane. Mutu asije kutuambia anajenga juu ya kuonea wakimbizi huruma. Anajenga juu ya faida. Faida si zambi. Lakini kama ni faida, basi tuongee sawa watu wanaoongea biashara: nani anapata, nani anapoteza, na nani atalipa siku kitu kitaharibika.

Tuingie mu maswali.

Swali la kwanza ni udongo.

Mu Bukavu tunakaa juu ya mawe ya zamani ya volkano. Mvula imeyaoza mupaka yakawa udongo mwekundu wenye kushika miguu. Ukikauka ni muzuri. Ukijaa maji unateleza sawa sabuni. Na chini yake kuko matetemeko. Wakubwa mulioko hapa munakumbuka siku ya Mungu, tarehe 3 mwezi wa pili 2008. Ilikuwa asubui, watu wengi walikuwa kanisani. Huku kwetu kuta zilipasuka, manyumba yalianguka, watu walikufa. Ng'ambo, ku Rwanda, walikufa wengi zaidi. Tetemeko haliulize nyumba ni ya tajiri ao ya maskini. Linauliza vyuma vilivyomo ndani ya beto na simenti iliyotumiwa.

Kwa hiyo tunapoambiwa "mwenye parseli iko na setifika," tujibu: vizuri, tunafurahi. Setifika inaonyesha nani iko na haki juu ya parseli. Haionyeshe kama udongo wa ile parseli unaweza kubeba etaji tano. Hizo ni karatasi mbili tofauti, na ya pili inatoka kwa enjenyere aliyechimba, akapima, akaandika jina lake chini.

Na kuko kitu wenye kukaa juu ya njia wanapaswa kusikia vizuri. Ili kujenga etaji tano kwenye mutelemuko, lazima kwanza kukata mulima, kutengeneza sehemu iliyo sawa. Nyumba zetu za juu zimeegemea ule udongo wenye utakatwa. Kila mama anajua: nyungu inakaa juu ya mafiga matatu. Ondoa figa moja, usiulize kwa nini sombe imemwangika. Kwa hiyo ukuta wa kushikilia mulima unapaswa kujengwa kwanza, mbele ya nyumba yenyewe, na uwe na matundu ya kutoa maji. Ukuta usio na matundu unajaza maji nyuma yake, na maji yakiwa mengi yanausukuma mupaka unaanguka. Hata fundi wa kartie anajua hayo. Tunachotaka ni yaandikwe.

Swali la pili ni maji, ya kuingia na ya kutoka.

Ya kuingia tunayajua. Robine ya REGIDESO inatoka saa inayotaka. Watoto wanaamuka usiku na mabido, wasichana zaidi kuliko wavulana, na asubui wanasinzia darasani. Ongeza familia 20 kwenye ule mupira mumoja. Tena mwenye etaji ataweka pompi ya kuvuta, juu maji hayapande etaji ya tano yenyewe. Pompi ikivuta, robine ya jirani inabaki inapuliza hewa. Basi tuombe: ile nyumba iwe na sitani yake kubwa, ikusanye maji ya mvula kutoka kwa mabati yake, na pompi ivute kutoka kwa sitani, isivute kutoka kwa mupira wa avenyu. Bukavu mvula tuko nayo miezi mingi ya mwaka. Ni aibu kuiacha ipite juu ya mabati, ichimbe njia, kisha tutembee na bido kutafuta maji.

Ya kutoka, watu wanaona haya kuyataja, lakini njo yenye kuua. Huku kwetu kila nyumba inajichimbia shimo lake la choo. Familia 20 ni shimo la ukubwa gani? Litajaa baada ya muda gani? Gari la kulinyonya litapita wapi? Tunajua desturi mubaya ya muji huu: mvula ikianza kunyesha kwa nguvu, mutu anafungua shimo lake, uchafu unatelemuka na maji. Unatelemukia wapi? Ku mulango wa jirani wa chini, kisha ku ziwa. Na ku ziwa kuko mutoto anachota maji ya kunywa. Kisha tunashangaa kipindupindu hakiishe mu Kivu ya Kusini.

Na takataka vilevile. Chupa na mifuko yenye kutupwa mu kanivo haipotee. Inaingia mu ziwa, maji ya ziwa yanaisukuma mupaka ku mulango wa Ruzizi, na inaziba barazi ya moto wetu. SNEL wamelia juu ya plastike kwenye mashini za Ruzizi mara nyingi. Chupa unayotupa leo njo inazima taa yako kesho. Kwa hiyo tuulize mwenye kujenga: takataka za watu wote wale zitawekwa wapi, nani atazichukua, nani atalipa?

Swali la tatu ni njia.

Njia yetu munaiona. Gari mbili zikikutana, moja inarudi nyuma. Wakati wa shantie magari ya muchanga, ya mawe, ya simenti yatapita hapa kila siku. Kanivo yetu ndogo, yenye tulijichangia kuitengeneza, itavunjika wiki ya kwanza. Nani ataijenga tena? Na kuko jambo kubwa kuliko kanivo. Bukavu inaungua. Kila mwaka tunaona moto unakula nyumba za mbao, moja baada ya ingine, na gari la kuzima moto linabaki ku barabara kubwa juu haliwezi kuingia. Watu wanazima na mabeseni. Sasa fikiri moto ku etaji ya nne. Beseni itafika? Ngazi ya pili ya kutokea iko? Kama jengo linakula njia hata mita moja, ile mita ni ya mugonjwa anayepelekwa hospitali usiku. Si ya mwenye jengo, na si yetu ya kumupa.

Swali la nne ni walokatere, na hapa ninawaomba muniachie niseme polepole.

Mu kila mukutano sawa huu, wenye maparseli njo wanaongea. Ni kawaida, wako na kitu cha kupoteza. Lakini watu wa kwanza wenye watapoteza ni wale wenye nyumba yao itabomolewa. Wao hawana parseli. Wako na kitanda, sufuria, watoto wenye kusoma shule ya hapa, na jina kwa daftari la deni ku duka la hapa. Hilo deni la duka tusilicheke. Ni maisha. Ukihama, mwenye duka mwingine hatakukopesha unga.

Tangu tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015, inchi yetu iko na sheria ya kupangisha nyumba, namba 15/025. Inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Sisi wote tunajua mu Bukavu watu wanaombwa zaidi. Tena mwenye nyumba hawezi kuamuka asubui na kusema "kesho toka". Lazima atoe preavi. Basi tuombe nini kwa wale jirani? Preavi iandikwe. Garanti yao irudishwe yote, mikononi, mbele ya mushahidi. Na mutu asitolewe kati ya mwaka wa shule. Watoto wamalize mitihani kwanza. Hatutawadanganya kwamba watarudi kukaa mu apartema. Lakini kutoka kwa heshima na kufukuzwa si kitu kimoja.

Mwenye parseli mwenzangu anayesema moyoni "hiyo si shida yangu," ninamuuliza: bei ya parseli yako ikipanda, utaifanyia nini? Bei haipikwe. Utaikula siku utauza. Na siku utauza, wewe na watoto wako mutakwenda wapi? Mutapanda mulima. Pengine kule juu mutakuta walokatere wa leo wamekwisha kufika, na wao njo watakuonyesha pa kuchota maji.

Swali la tano ni kazi ya vijana.

Vijana, tuongee sisi kwa sisi. Tumeahidiwa kazi ku shantie. Kazi ni kitu kizuri, na wengi wetu tuko na diplome ukutani na mikono bure. Lakini tuulize: ni kazi ya miezi mingapi? Italipwa kwa siku ao kwa wiki? Mutu akianguka kutoka juu, nani analipa hospitali? Kuko kofia ya shantie, kuko viatu? Kama majibu yako, yaandikwe. Kama hayako, basi ile haikuwa kazi, ilikuwa chambo. Kijana mwenye kunyamaza juu ya ukuta wa mama yake sababu amepewa kubeba muchanga kwa mwezi mumoja, amejiuza bei ya chini sana. Na kijana mwenye kufanya kazi kwa kontra, akalipwa vizuri, huyo hajamusaliti mutu. Tusimuite musaliti.

Sasa tuingie mu karatasi, juu watu wengi wanafikiri sheria ni ya mawakili.

Kuko sheria ya udongo ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973. Inasema udongo wa Kongo ni wa leta. Mutu anapewa haki ya kuutumia, na setifika njo inaonyesha ile haki. Katiba ya 2006, article 34, inalinda mali ya mutu. Kwa hiyo mwenye parseli iko na haki, na sisi hatuwezi kumunyanganya. Lakini katiba ileile, article 53, inasema kila mutu iko na haki ya kuishi mu mazingira mazuri. Article 48 inataja haki ya nyumba ya heshima, haki ya maji ya kunywa, haki ya moto wa umeme. Haki yake inafika ku mupaka wa parseli yake. Uchafu wake ukivuka mupaka, udongo wake ukivuka mupaka, pale tuko mu haki yetu. Na sheria ya madeni ya raia, article 258, ni ya wazi: mwenye kumuharibia mwingine kitu kwa kosa lake, analipa.

Kisha kuko sheria namba 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa saba 2011, juu ya kulinda mazingira. Inasema mradi wenye kuweza kuharibu mazingira unapaswa kwanza kufanyiwa uchunguzi, kuonyesha utaleta nini kwa udongo, kwa maji na kwa watu. Tena inasema kuhusu kuuliza wanainchi wenyewe, na inatoa haki kwa raia kushiriki wakati wa kukata maneno yenye kuhusu mazingira yao. Kuuliza wanainchi kunafanyika mbele ya kujenga. Kama beto imekwisha kumwangwa, hiyo si kuuliza tena, ni kupasha habari.

Basi karatasi za kuomba kuona ni hizi: setifika ya parseli, ruhusa ya kujenga, yenye kusema etaji ngapi, uchunguzi wa udongo, jibu la wakubwa wa mazingira kama huu mradi unaombwa uchunguzi ao hapana, na kama unaombwa, ule uchunguzi wenyewe, na plani yenye kuonyesha fosi, sitani, ukuta wa kushikilia mulima na njia ya kupitisha maji ya mvula. Mwenye karatasi zote hizo hatakasirika tukiziomba. Ataona fahari kuzionyesha. Mwenye kukasirika, hasira yake imetujibu.

Kuko pia mambo mawili ya kukataa, na yote mawili yako upande wetu.

La kwanza: neno lililosikika juzi ku robine, "yule mwenye parseli si mwana wa hapa." Hapana. Hilo neno tuliache palepale. Mu hii Kivu tumekwisha kuzika watu wengi juu ya neno hilo. Jengo baya ni baya hata likijengwa na mutoto wa kaka yangu. Jengo zuri ni zuri hata likijengwa na mutu aliyefika jana. Sisi tunauliza udongo, maji, njia na karatasi. Hatuulize kabila. Siku mukutano huu utaanza kuuliza kabila, sisi vijana tutatoka, na tutasema juu ya nini tumetoka.

La pili: mutu asivunje ukuta, asichome tairi, asimupige mulinzi wa parseli. Yule mulinzi ni maskini sawa sisi, analinda kitu kisicho chake. Tukivunja, kesho watu hawataongea tena juu ya fosi wala mulima. Wataongea juu ya sisi, na ile parseli itajengwa na askari mbele ya mulango.

Tufanye basi nini? Tunaleta mapendekezo, ninyi njo munakata.

Moja: tuchague leo watu saba. Ndani yao wawe walokatere wawili wa ile parseli, wamama wasiopungua wawili, kijana mumoja, na mutu mumoja mwenye kukaa juu, kule mulima utakatwa. Ikiwezekana awemo fundi wa ujenzi, juu tuko nao mu avenyu, na jicho la fundi haliogope plani.

Mbili: wale saba waandike barua. Article 27 ya katiba inatoa kwa kila mwanainchi haki ya kuandikia wakubwa, peke yake ao pamoja na wengine. Barua iende ku komine, ku meri, ku ofisi ya ujenzi, na ku ofisi ya mazingira. Kwa kila pahali tubaki na kopi yenye muhuri na tarehe. Barua isiyo na muhuri wa kupokea ni barua yenye haikuandikwa. Watatuambia haikufika.

Tatu: mwenye parseli aalikwe hapahapa, mbele yetu wote, yeye na enjenyere wake. Ni jirani, si adui. Tumupe kiti, tumupe maji ya kunywa, kisha tumuulize maswali yetu tano. Akijibu, tuandike. Tusome kwa sauti kile tulichoandika, asaini, tusaini.

Ine: mutu yeyote wa wale saba asionane naye peke yake, usiku ao mchana. Akiitwa, aende na mwenzake. Akipewa kitu, aseme hapa alipewa nini. Si kwamba hatuwaamini. Ni kwamba bahasha inaharibu hata mutu muzuri, kwa hiyo tumukinge.

Tano: wakinyamaza, hatutanyamaza. Article 26 inaruhusu kuandamana bila silaha, tukitoa kwanza habari kwa maandishi. Tutakaa chini mbele ya ofisi, na mabido yetu ya bure, kimya, mupaka mutu atoke atuambie barua yetu iko wapi. Sisi vijana tuko na mazoezi ya kukaa chini. Hatuchoke haraka.

Na tukubaliane leo, mbele ya kusikia majibu, tutafanya nini nayo. Kama enjenyere anasema udongo haubebe, jibu letu ni hapana, hata kama tunaahidiwa robine kumi na kanisa jipya. Kama udongo unabeba, ukuta unajengwa kwanza, fosi iko, sitani iko, njia inabaki wazi na walokatere wamelindwa, basi jibu letu ni ndiyo, hata kama mioyoni mwetu kuko wivu kidogo. Wivu si article ya sheria. Na kama udongo unabeba lakini kwa etaji tatu tu, tuseme tatu. Si lazima mutu ashinde yote ao apoteze yote.

Munajua juu ya nini tunashikilia hivyo kuandika masharti mbele? Ile parseli ni ya kwanza tu. Nyuma yake kuko ingine, na ingine. Wenye feza wanaangalia Ibanda yote, kutoka Nguba mupaka Muhumba, na wataangalia hii avenyu kuona kama ni pahali pa kupita bure. Kile tutakachokubali kwa wa kwanza, wa pili ataomba kilekile. Tukimuachia wa kwanza ajenge bila fosi, wa pili tutamukatalia na neno gani? Barua ya leo inachora sheria ya avenyu hii kwa miaka mingi, na watoto wetu njo watakaa ndani ya ile sheria.

Leta ingepaswa kufanya kazi hii. Kuko watu wenye kulipwa mushahara juu ya kupima, kukataa, kuruhusu. Tutawaomba waifanye, na tutawakumbusha mupaka waifanye. Lakini mvula haingojee ofisi ifunguke.

Daftari iko hapa juu ya meza. Mwenye kujua kuandika aandike jina lake na swali lake. Mwenye hajui, kijana mumoja atamuandikia, kisha atamusomea kile alichoandika, mupaka yeye mwenyewe aseme "ni vile." Tuanze na walokatere. Leo waongee wa kwanza.